Shawa isiyo na mlango inasumbua: ni vipimo au kuna kingine?

Shawa ya kuingia moja kwa moja, yenye kioo kimoja pembeni na bila mlango, ikianza kuleta shida husingiziwa jambo moja: imejengwa ndogo. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi eneo linatosha, ila kichwa cha shawa kimeelekezwa pabaya, vipimo vilichukuliwa kabla ya plasta, au sakafu haina mteremko wa kutosha. Kuvunja vigae ili kuongeza sentimita ishirini hakuondoi hata moja kati ya hayo. Anza na dalili, pima, ndipo uamue.

Utahitaji futi ya chuma, pima maji ya angalau sentimita 60, ndoo ya lita 10, saa yenye sekunde, magazeti ya zamani, tepu ya karatasi na kipande kikubwa cha boksi. Vipimo vyote vinavyotajwa hapa ni vya ndani, kutoka uso wa kigae hadi uso wa kigae au wa kioo.

## Maji yanatoka nje na kulowesha bafu zima

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo lenye sababu nyingi zinazofanana kwa macho. Kuzitenganisha, kausha sakafu yote, tandaza magazeti kuanzia ukingo wa kioo hadi mita moja na nusu nje, kisha mtu aoge kama kawaida kwa dakika tano. Lazima kuwe na mtu ndani. Maji yanayosafiri mbali si yale yanayoshuka moja kwa moja, bali yanayogonga kichwa na mabega ya mwogaji na kuruka. Ukifungulia maji bila mtu, jaribio litakudanganya.

Sasa yasome magazeti.

Matone yamejipanga kwenye mstari ulionyooka mkabala na kichwa cha shawa: tatizo ni mwelekeo. Kichwa kilichofungwa ukutani na kuinamishwa mbele hurusha maji kwa mshazari, na maji yakiwa na nguvu hupita mita moja kabla ya kugusa sakafu. Kikiwa kimetazama kiingilio, hata shawa ya mita 1.6 italowesha nje. Kiinamishe zaidi ili maji yaanguke karibu na ukuta, au weka mkono mrefu wenye kichwa kinachomwaga maji wima kutoka juu. Kama shawa ina urefu usiofika mita 1.5, dawa ya kudumu ni kuhamishia kichwa kwenye ukuta mrefu unaotazamana na kioo, ili kioo chenyewe kipokee mrusho. Kazi hiyo inahitaji kufungua ukuta, kwa hiyo jaribu kwanza kubadilisha kichwa.

Matone yametawanyika kuuzunguka ukingo wa kioo, mengi karibu na machache mbali: kioo ni kifupi. Hapa ndipo ukubwa unapohusika kweli. Gawanya urefu wa shawa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni eneo la maji, takriban sentimita 90 kutoka ukuta wenye kichwa. Ya pili ni eneo la matone yanayoruka, sentimita 30 hadi 50 zaidi. Kioo kinapaswa kufunika zote mbili, yaani sentimita 120 au zaidi, halafu ndipo kiingilio cha sentimita 50 hadi 60 kianze. Jumla inakuwa mita 1.7 hadi 1.8. Huo ndio urefu ambao shawa isiyo na mlango inafanya kazi bila kumwekea mwogaji masharti.

Kama unayo mita 1.4 tu, utapata kioo cha sentimita 90 na kiingilio cha 50, na matone yatatoka. Usivunje kitu. Ongeza kipande cha kioo cha sentimita 30 hadi 40 kwenye ukingo wa kioo kikubwa, ama kilichofungwa kwa pembe kuziba sehemu ya kiingilio, ama chenye bawaba kinachokunjika ndani mtu akishaingia. Pima kwanza njia itakayobaki: ikishuka chini ya sentimita 50, watu watapita kwa ubavu na hatimaye wataking'oa. Chini ya mita 1.2, acha wazo la kutokuwa na mlango. Weka mlango.

Mstari wa maji unaofuata upande wa chini wa kioo: silikoni imeachia, au imepakwa juu ya kigae chenye unyevu ikashindwa kushika. Ikwangue yote, kausha kwa siku nzima, paka upya. Hakuna la vipimo hapo.

Magazeti ya mbali hayana matone juu yake lakini yamelowa upande wa chini: maji yanatembea sakafuni. Hiyo ni kazi ya mteremko, na imeelezwa chini kidogo.

Kabla ya kuondoka kwenye dalili hii, angalia pia nguvu ya maji. Tangi lililo juu huongeza takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha mgandamizo) kwa kila mita moja ya kimo. Tangi lililo mita mbili juu ya kichwa cha shawa linatoa bar 0.2 tu, na maji ya namna hiyo huanguka karibu na ukuta. Shawa fupi iliyofanya kazi vizuri kwa tangi inaweza kuanza kurusha maji nje siku pampu inapowekwa. Watu hushangaa kwa sababu bafu ni lile lile. Fungia kichwa chenye kipunguza mtiririko, au punguza mgandamizo wa pampu kama inaruhusu.

## Viwiko vinagonga ukuta au kioo

Pima upana kwenye kimo cha viwiko, yaani mita 1 hadi 1.2 kutoka sakafuni. Usiupime sakafuni. Shawa yenye sentimita 85 chini inaweza kuwa na 75 tu pale juu, kwa sababu koki ya kuchanganyia maji imejitokeza sentimita 6 hadi 8, na ng'ambo yake kuna rafu ya sabuni.

Kwa mtu mzima wa umbo la kawaida, upana wa sentimita 70 unamruhusu kusimama lakini si kuinua mikono yote kuosha nywele. Sentimita 80 zinatosha mtu mmoja. Sentimita 90 ndizo tunazopendekeza pale nafasi inaporuhusu, kwa sababu mtu anaweza kugeuka na kuinama bila kuhesabu. Zaidi ya mita 1 inafaa kwa watu wawili au kwa anayemwogesha mwingine. Kwa mtu mmoja, upana huo hauongezi raha unayoweza kuihisi. Ukiwa na sentimita za ziada, zipeleke kwenye urefu.

Lalamiko hili huwapata sana walioondoa sinki la kuogea na kuweka shawa mahali pake. Masinki mengi yana upana wa sentimita 70 kwa urefu wa 170, na fundi hufuata alama ile ile ya zamani kuweka kioo. Urefu unakuwa mzuri, upana unabana. Kama sakafu ya nje ya alama hiyo imewekewa utando wa kuzuia maji, kioo kinaweza kusogezwa nje sentimita 10. Kama haijawekewa, usikisogeze: maji yatapenya kwenye viungo vya vigae hadi kwenye zege, na dari la chini litakuja kulalamika. Katika hali hiyo rudisha upana kwa njia nyingine:

- toa rafu, chonga kishubaka ndani ya ukuta (kina cha sentimita 9 kinatosha chupa nyingi), ila hakikisha si ukuta unaobeba jengo wala wenye mabomba, na kishubaka chenyewe kipakwe utando kabla ya vigae;
- badilisha koki ya nje iwe ile inayofichwa ukutani, kama ukuta utakuwa unafunguliwa hata hivyo;
- hamishia kichwa kwenye ukuta mfupi, ili mwogaji asimame akitazama urefu wa shawa na viwiko vyake vipate nafasi mbele na nyuma.

Benchi la kukalia lina kanuni yake. Kina chake ni sentimita 38 hadi 45, na kina hicho kinakatwa kwenye eneo la kusimama. Shawa ya mita 1.2 ikiwekewa benchi inabaki na sentimita 75 hadi 82 za kusimama. Benchi la kukunja ukutani ndilo jibu.

## Maji ni ya vuguvugu, mwili unahisi baridi

Zipo baridi mbili, na hutibiwa tofauti. Weka kipimajoto kwenye maji. Yakiwa na nyuzi 38 hadi 40 na bado unatetemeka, baridi inatoka hewani. Yakiwa chini ya hapo, hita imezidiwa.

Baridi ya hewa huja na shawa kubwa. Eneo la mita 1 kwa 1.8 bila mlango haliwezi kushika mvuke: hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia kwa chini kupitia kiingilio na kupiga miguu. Feni ya kutoa hewa iliyowekwa upande wa pili wa shawa huzidisha, kwa kuwa inavuta hewa kumpitia mwogaji. Kwanza oga na feni imezimwa na uiwashe baadaye. Kama tofauti ni kubwa, umepata mkosaji. Kisha fikiria kile kipande cha kioo cha pembeni kilichotajwa juu. Kuziba mpaka dari hakushauriwi, kwani mvuke unahitaji pa kutokea.

Hita iliyozidiwa ni hesabu tu. Kila lita moja kwa dakika, ikipashwa kwa nyuzi 20, inahitaji takriban kilowati 1.4. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 7 inaweza hivyo kupasha lita 5 tu kwa dakika. Kichwa kipana cha mvua kinachomwaga lita 15 au 20 kingehitaji kilowati 21 hadi 28. Ndiyo maana maji yanapoa kila unapofungulia zaidi. Kwenye hita ya tangi, lita 50 zilizopashwa hadi nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya nyuzi 20 hutoa, kwa makadirio ya juu, lita 100 za nyuzi 40. Kwa kichwa cha lita 20 hizo ni dakika tano. Kwa kichwa cha lita 8 ni zaidi ya dakika kumi na mbili.

Kujua kichwa chako kinamwaga kiasi gani, kinga maji yake yote kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 30, ni lita 20 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 75, ni lita 8.

## Maji yanasimama sakafuni

Fungulia kila kinachotoa maji, pamoja na shawa ya mkono, kwa dakika tano. Maji yakipanda kulizunguka tundu la kutolea maji, toa kifuniko chake na urudie.

Yakienda vizuri bila kifuniko, kifuniko ni kidogo au kimejaa nywele. Yakiendelea kupanda, safisha kiwiko kinachoshika maji ya kuzuia harufu. Kiwiko kikiwa safi na hali haijabadilika, bomba la kutolea ni jembamba au limelazwa vibaya. Bomba la milimita 50 lililolazwa kwa mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita ndilo la kutegemea. Bomba la 40 hupambana na kichwa kipana cha mvua, na hushindwa kikisaidiwa na shawa ya mkono.

Kama maji hayapandi kwenye tundu bali yanabaki kama dimbwi mahali pengine, sakafu ina bonde. Mteremko unaofaa ni kati ya 1 kwa 80 na 1 kwa 50. Tumia pima maji ya sentimita 60: laza ikielekea tundu, inua mwisho wa upande wa tundu mpaka povu likae katikati, na pima pengo. Liwe kati ya milimita 7.5 na 12. Chini ya hapo maji yanasita. Zaidi ya hapo mguu unahisi kuteleza, hasa kwa wazee.

Ukubwa unaingia hapa kwa njia ambayo wengi huisahau wakati wa kuchora. Kadiri tundu linavyokuwa mbali, ndivyo sakafu inavyozidi kushuka. Kwa mteremko wa 1 kwa 60, shawa ya mita 1.2 inahitaji kushuka milimita 20. Ya mita 1.8 inahitaji 30. Ongeza kimo cha chombo cha tundu chenyewe, ambacho mara nyingi ni milimita 70 hadi 100, na ndipo utajua zege lichimbwe kiasi gani ili kiingilio kisiwe na ngazi. Fundi asiyepewa kina hicho hana pa kukitoa. Atapunguza mteremko, na dimbwi litazaliwa hapo.

Tundu la katikati hulazimisha miteremko minne, kwa hiyo vigae vya sakafuni viwe vidogo, cha sentimita 5 hivi, la sivyo vitakaa vimeinuka pembe. Mfereji mrefu wa kutolea maji, kando ya ukuta, unahitaji mteremko mmoja tu na unakubali vigae vikubwa. Kwa shawa inayozidi mita 1.5, tunachagua mfereji.

## Kioo au sinia la sakafuni haliingii

Sababu ni moja karibu kila mara: mtu alipima ukuta mtupu. Plasta inachukua milimita 10 hadi 15, gundi 3 hadi 6, kigae 8 hadi 10. Kwa kila ukuta unapoteza takriban milimita 25, na kuta mbili zinazotazamana zinakula 50. Nafasi ya sentimita 90 ya tofali kwa tofali inabaki na 85, na sinia la 90 (beseni bapa la kusimamia lililotengenezwa tayari) litakaa nje likiwaangalia.

Sinia huwekwa kabla ya vigae vya ukutani, vigae vikashuka juu ya ukingo wake, kwa hiyo kipimo chake ni cha baada ya plasta. Kioo kinapimwa vigae vikishakauka, katika vimo vitatu: chini, katikati na juu. Namba ndogo ndiyo ya kuagizia. Reli ya ukutani husahihisha tofauti ya sentimita moja au mbili. Soma maelezo ya mtengenezaji ujue yako inabeba kiasi gani. Kioo kilichokwisha kuimarishwa kwa moto hakikatwi tena. Ukijaribu kukipunguza hata kidogo, kitavunjika vipande vipande vidogo.

Kumbuka uzito pia. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha mita 1.2 kwa 2 kina kilo 60. Kinahitaji watu wawili wa kukibeba na fito ya kukishikilia upande wa juu.

## Mlango unagonga choo au sinki la kunawia

Mlango wa bawaba wa sentimita 70 unahitaji sentimita 70 tupu mbele yake. Zisipokuwepo, mlango wa kuteleza unafaa, lakini ufunguzi wake huwa pungufu ya nusu ya upana: shawa ya mita 1.2 inaacha njia ya takriban sentimita 50. Mlango wa bawaba ufungukie nje. Mtu akianguka ndani, ule unaofungukia ndani atauzuia kwa mwili wake.

## Kiti cha magurudumu hakiingii, au anayesaidia hana pa kusimama

Hapa sentimita chache hazisaidii. Anayehama kutoka kwenye kiti chake na kukaa kwenye benchi la ukutani anahitaji shawa ya sentimita 90 kwa 90, upande mmoja ukiwa wazi wote. Anayeingia na kiti chake anahitaji sentimita 90 kwa 150, upande mrefu ukiwa wazi bila kioo. Kukizungusha kiti kunahitaji duara la mita 1.5, ambalo linaweza kutumia sakafu ya bafu nje ya shawa kama zote ziko usawa mmoja na zote zina utando. Njia ya kuingilia iwe sentimita 80 au zaidi, na koki iwekwe pale msaidizi anapoweza kuifikia bila kulowa.

## Kama bado hujamwaga zege

Chora shawa sakafuni kwa tepu, ukiwa umeshatoa zile milimita 25 za kila ukuta. Simamisha boksi mahali pa kioo, kimo cha mabega. Mwenye umbo kubwa zaidi nyumbani aingie, anyanyue viwiko, ainame kunawa miguu, ageuke, kisha anyooshe mkono kufungua koki akiwa nje ya eneo la maji. Akishindwa kuifikia, hamisha koki karibu na kiingilio, kimo cha mita 1 hadi 1.1, kuihamisha kwenye tepu ni bure. Acha alama hizo kwa siku chache ili watu wa nyumbani wazipite wakienda chooni na kurudi.

Utando ukishapakwa, na kabla ya kigae cha kwanza, ziba tundu, weka kizuizi cha muda kwenye kiingilio, jaza maji, tia alama ya kalamu kwenye usawa wake na uyaache saa 24. Angalia alama, angalia na dari la chini kama lipo. Usawa ukishuka kwa milimita zinazoonekana, tafuta kwanza kwenye shingo ya tundu na kwenye kona ambako sakafu inakutana na kuta mbili.